Gololi za Usukani: Beringi ya Nguzo kwenye Barabara za Unyamwezi

Nguzo ya usukani katika gari la zamani ni bomba la chuma linaloanzia chini ya mikono ya dereva, likapita chini ya dashibodi hadi kwenye ukuta unaotenganisha viti na injini, na ndani ya bomba hilo hupita shafti, yaani fimbo ya chuma inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye boksi la usukani, ambalo nalo huugeuza mzunguko huo kuwa msukumo wa kuyaelekeza magurudumu ya mbele kushoto au kulia. Shafti haipaswi kugusa bomba popote. Hushikwa katikati na beringi, aghalabu moja juu karibu na usukani wenyewe na nyingine chini karibu na ukuta wa injini, na kila beringi ina ringi ya ndani inayoikumbatia shafti, ringi ya nje iliyokaa ndani ya bomba, na safu ya gololi kati ya ringi hizo mbili, zikiwa zimetenganishwa na kizimba chembamba cha bati au plastiki ili zisisuguane. Mara nyingi ya juu ndiyo hutangulia kuchakaa, kwa kuwa ndiyo inayobeba uzito wa mikono ya dereva na, katika magari marefu kama Land Cruiser na Land Rover, uzito wa dereva mzima anapoushika usukani ili ajivute kupanda kitini.

Wengi hudhani kwamba beringi huliwa kwa kuzunguka, na dhana hiyo ni sahihi kwa beringi ya gurudumu, ambalo katika safari ya kilomita 100 huzunguka zaidi ya mara 40,000. Usukani haufanyi hivyo. Dereva anayetoka Tabora kwenda Sikonge, au kwenda Urambo, hupitisha sehemu kubwa ya safari akiwa ameuelekeza usukani mbele, akiusogeza kidogo tu huku na huku, na gololi za beringi ya nguzo hukaa karibu mahali palepale saa nzima huku zikitikiswa bila kupumzika. Hoja ya sura hii ni kwamba utulivu huo ndio unaoziua. Beringi ya nguzo huharibika kwa kutogeuka, na fundi asiyelielewa jambo hilo hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine bila kuupata ugonjwa, au huweka beringi mpya katika mazingira yaleyale yaliyoiua ya kwanza.

Ili kuona kwa nini jambo hili lina uzito wa pekee magharibi ya Tanzania, ni lazima kuitazama njia yenyewe. Tabora iko kwenye uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, katikati ya misitu ya miombo, na katika karne ya 19 eneo la Unyanyembe lilikuwa makutano ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, kisha ikagawanyika kuelekea Ujiji upande wa magharibi na kuelekea nchi za Ziwa Viktoria upande wa kaskazini. Wapelelezi Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857, na mmisionari Livingstone aliishi katika tembe la Kwihara mwaka 1872 kabla ya safari yake ya mwisho. Bidhaa karibu zote zilizopita zilibebwa na watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, kwa sababu mbung'o waliwaua ng'ombe, punda na farasi, na majaribio ya wamisionari ya kuvuta magari ya ng'ombe kutoka pwani, yaliyoanza mwaka 1876, yalikwamishwa na vifo vya wanyama hao. Njia ya wapagazi haikuwa nyoofu hata kidogo: ilikuwa ujia wa kupita mtu mmoja mmoja, uliozunguka kila mti ulioanguka na kila tope, na ujia wa namna hiyo ungelifaa beringi ya usukani kuliko barabara zilizokuja baadaye, kwa kuwa ungeigeuza kila dakika.

Reli ndiyo iliyoinyoosha nchi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kisha tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928, na magari yalipoanza kuenea yalikuta mhimili wa usafiri umekwisha kusimikwa, hivyo kazi yao ikawa kuunganisha stesheni na maeneo ambayo treni haikuyafikia. Barabara hizo za changarawe zilichongwa kwa mistari mirefu kupita kwenye miombo isiyokuwa na milima ya kukwepa. Lami katika barabara kuu za mkoa wa Tabora ni jambo la miaka ya karibuni, na kwa hiyo gari lenye umri wa miaka 25 au 30 ambalo maisha yake yote limefanya kazi Nzega, Kaliua au Sikonge limekula sehemu kubwa ya umri wake kwenye changarawe, hata kama leo linateleza kwenye lami. Uchovu wa miaka hiyo umebaki ndani yake.

Changarawe iliyopitwa na magari mengi hujikunja na kufanya mawimbi madogo yanayokata barabara kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kama mawimbi hayo yamepishana kwa sentimita 70 na gari linakwenda kilomita 60 kwa saa, kila gurudumu hupigwa mara 24 hivi kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya mara 80,000 kwa saa moja. Sehemu ya pigo hilo humezwa na tairi, springi na shokomzoba, lakini kinachosalia hupanda kupitia fito za usukani na boksi lake, na kingine hupitia bodi ya gari na mabano yanayoshikilia nguzo, vyote viwili vikakutana kwenye gololi za beringi. Kila gololi husukumwa na kurudishwa kwa umbali usioonekana kwa jicho. Grisi iliyokuwa chini yake husukumwa pembeni na, kwa kuwa gololi haizunguki vya kutosha kuirudisha, chuma hubaki kikisugua chuma kikavu. Sehemu za chuma zilizogusana hung'oka kwa chembe ndogo mno, chembe hizo hushika kutu papo hapo, na kutu hiyo iliyo ngumu huendelea kusaga kama msasa, mpaka chini ya kila gololi pachimbike kishimo. Vishimo hivyo hujipanga kwa nafasi zilezile za gololi wakati usukani umeelekea mbele.

Mtu yeyote wa Tabora aliyewahi kubeba gunia la mkaa au madumu ya maji kwa baiskeli miaka mingi anaujua ugonjwa huu kwa mikono yake, ingawa huenda hajawahi kuuhusisha na gari: usukani wa baiskeli kuukuu hufika katikati na kujifunga kidogo kama ulioingia kwenye mfereji, ukaomba nguvu ndogo ya kuutoa, kisha pande zote nyingine ukageuka kwa ulaini. Gololi za kichwa cha baiskeli zimechimba vishimo mahali pa kwenda mbele, na beringi ya nguzo ya gari hufanya vivyo hivyo. Wahandisi wa Marekani waliuchunguza uharibifu wa aina hii katika miaka ya 1930, baada ya kuonekana kwamba magari mapya yaliyosafirishwa kwa treni kutoka viwandani yalifika yakiwa na beringi za magurudumu zilizochimbika ilhali hayajaendeshwa. Magurudumu yalikuwa yamefungwa yasizunguke juu ya mabehewa, na mtikiso wa reli peke yake ulitosha.

Kuna jambo moja la hapa hapa linalowapotosha mafundi. Kutu inayotokana na msuguano huo ina rangi nyekundu ya hudhurungi, na vumbi la barabara nyingi za mkoa lina rangi inayokaribiana nayo, hivyo fundi anayefungua nguzo akakuta unga mwekundu huufuta kwa kitambaa akidhani ni vumbi la safari. Vumbi lipo kweli, na kwa kuwa mpira wa kuzuia uchafu kwenye ukuta wa injini huwa umepasuka katika magari ya umri huu, huingia kwa wingi kwenye beringi ya chini. Lakini ukisugua unga huo kati ya vidole viwili vyenye mafuta, vumbi la barabara hukwaruza kwa sababu ya chembe za mchanga zilizomo, na unga wa kutu huteleza kwa ulaini unaokaribia ule wa poda. Unga laini ukipatikana kwenye beringi ya juu, ambako vumbi halifiki kwa urahisi, ushahidi umetosha: beringi imejila yenyewe, na kuipaka grisi mpya ni kuahirisha kazi.

Uchunguzi hutangulia spana. Neno linalotumika gereji ni pleyi, yaani ulegevu wa kifaa kinachosogea bila kufanya kazi yake, na ulegevu wa usukani ni wa namna mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Wa kwanza ni wa mzunguko: usukani hugeuzwa kidogo na magurudumu hayajibu. Ulegevu huu hutoka kwenye boksi la usukani, kwenye tairodi, ambazo ni viungo vya mwisho vya fito za usukani, au kwenye viungo vya msalaba vinavyoiunganisha shafti na boksi, na kwa kiasi fulani unaruhusiwa. Vitabu vya mafundi vya magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1980 na 1990 huweka kikomo cha milimita 30 zikipimwa kwenye ukingo wa usukani. Ulegevu wa pili ni wa kusogea: usukani wote hupanda na kushuka, au huenda kushoto na kulia, bila kugeuka. Huo ndio unaotoka kwenye beringi ya nguzo au kwenye bolti zinazoshika nguzo chini ya dashibodi, na haupaswi kuhisika kabisa.

Kwa sababu hiyo kipimo cha kwanza hufanywa injini ikiwa imezimwa, ufunguo ukiwa mahali ambapo kufuli ya usukani haijashika, na gari likiwa sakafuni. Fundi huushika usukani kwa mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, akausukuma kuelekea dashibodi na kuuvuta kifuani, kisha akauinua na kuushusha, huku msaidizi ameweka vidole vyake mahali shafti inapotoka kwenye bomba. Kama shafti inasogea na bomba limetulia, kosa ni la beringi. Kama vyote viwili vinasogea pamoja, kosa ni la bolti au mabano, na kazi inaweza kumalizika kwa kukaza bolti mbili. Magari yenye usukani unaoinamishwa yana ulegevu wa tatu unaotoka kwenye bawaba ya kuinamishia, na fundi mwangalifu huikaza bawaba hiyo kabla ya kutoa hukumu. Dalili nyingine husaidia: mlio wa kukwaruza unaosikika dereva anapokata kona polepole, honi inayolia yenyewe au inayokataa kulia kwa kuwa kitako cha usukani kimeacha kukaa katikati ya swichi, na indiketa isiyojirudisha baada ya kona. Gari likiwa limeinuliwa kwa jeki na magurudumu ya mbele yananing'inia, usukani ukigeuzwa taratibu kwa kidole kimoja utajifunga kidogo katikati kama vishimo vimekwisha chimbika. Kujifunga huko peke yake hakutoshi kuwa hukumu, kwa kuwa boksi la usukani lililokazwa kupita kiasi nalo hukaza katikati. Njia ya kutofautisha ni kuitenga shafti na boksi kwenye kiungo cha msalaba, baada ya kuweka alama kwenye meno yake, na kuugeuza usukani peke yake.

Kazi ya kubadilisha yenyewe haina ugumu mkubwa, ila ina mahali pawili ambapo haraka huleta hasara. Waya wa betri hutolewa kwanza ili honi na swichi zisipige shoti, na kama gari lina mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, jambo ambalo hupatikana katika magari ya kuanzia miaka ya 1990, kazi husubiri kwanza ili umeme uliobaki kwenye mfumo uishe. Maelekezo ya Toyota hutaja angalau sekunde 90, na hakuna ubaya kusubiri dakika kadhaa. Magurudumu huelekezwa mbele. Kifuniko cha honi huondolewa, nati ya katikati hulegezwa lakini haitolewi yote, na alama hupigwa kwenye shafti na kwenye kitako cha usukani ili meno yarudi mahali palepale. Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo, kwa kuwa usukani uliokaa miaka 25 huwa umeshikana na meno ya shafti kwa kutu, na mkono wa fundi huelekea kwenye nyundo.

Nyundo hairuhusiwi hapa, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu. Katika Land Rover za Series, zilizotengenezwa hadi mwaka 1985, shafti ilikwenda moja kwa moja kutoka kwenye usukani hadi kwenye boksi bila kiungo cha msalaba katikati, na gari la namna hiyo linapogonga kwa mbele, boksi likirudishwa nyuma, shafti humfuata dereva kifuani kama mkuki. Vifo vilivyotokana na nguzo ngumu za aina hiyo viliwafanya watengenezaji kubuni nguzo inayojikunja: kampuni ya General Motors iliiweka kwenye magari yake ya mwaka 1967, sheria za usalama za Marekani zikaidai kuanzia magari ya mwaka 1968, na watengenezaji wa Japani na Ulaya wakafuata. Nguzo inayojikunja ina shafti ya vipande viwili, kimoja kikiingia ndani ya kingine, vikishikiliwa na pini ndogo za plastiki zilizomiminwa kwenye matundu, na bomba la nje nalo hutengenezwa liteleze au likunjamane. Wakati wa ajali pini hukatika, nguzo hufupika, na kifua cha dereva huokolewa. Pini hizo hazijui tofauti kati ya ajali na nyundo. Mapigo machache juu ya ncha ya shafti huweza kuzikata, na gari likatoka gereji likiwa na beringi mpya na shafti inayocheza urefuni, kasoro mbaya kuliko iliyolileta.

Kifaa sahihi ni puli, yaani kivutio chenye bolti ya katikati inayosukuma ncha ya shafti huku mikono yake ikiuvuta usukani kwa pande zote kwa usawa. Magari mengi yana matundu mawili yenye nyuzi kwenye kitako cha usukani yaliyowekwa kwa ajili hiyo, na fundi asiye na puli anaweza kuagiza ichomelewe kutokana na kipande cha bamba nene na bolti tatu. Nati ya katikati huachwa ikiwa imeshika nyuzi chache ili usukani ukiachia ghafla usimpige fundi usoni. Kufuli ya usukani nayo iwe imefunguliwa, kwa sababu kulazimisha shafti wakati ulimi wa kufuli umeshika huvunja ulimi huo, na kufuli iliyovunjika inayoshika gari likiwa kwenye mwendo ni balaa.

Usukani ukishatoka, swichi ya taa na indiketa hufunguliwa skrubu zake na kuwekwa kando pamoja na waya zake. Mahali ambapo kufuli inazuia njia, hukutwa bolti ambazo vichwa vyake vilikatwa makusudi kiwandani ili mwizi asizifungue kwa spana. Hizi huzungushwa kwa patasi ndogo au hutobolewa, na hubadilishwa kwa mpya. Chini ya hapo hupatikana klipu ya duara iliyokaa kwenye mfereji wa shafti, kisha washa, kisha mara nyingi springi ndogo ya mviringo, na hatimaye beringi. Mpangilio huo uchorwe kwenye karatasi kabla ya kitu chochote kuondolewa. Ile springi ina kazi maalumu, kwa kuwa beringi nyingi za nguzo ni za pembe, maana yake ni kwamba gololi zake hubana ringi kwa mshazari na huhitaji kusukumwa daima upande mmoja ili zisilegee, na springi iliyochoka au iliyorudishwa kinyume huifanya beringi mpya icheze siku hiyohiyo.

Beringi ikitoka, shafti hufutwa kwa mafuta ya taa na kukaguliwa mahali ringi ya ndani ilipokaa. Kucha ikipitishwa juu yake na kunasa kwenye ngazi, shafti imeliwa, na beringi mpya juu ya shafti iliyoliwa haitakaa hata mwaka. Shafti ya namna hiyo hubadilishwa, na haichomelewi. Mafundi hodari huijaza welding na kuikereza upya, na ustadi wao ni wa kweli, lakini joto la welding hubadilisha ugumu wa chuma karibu na mahali pa kazi, na shafti ya usukani ndicho kifaa ambacho hakina mbadala kikikatika barabarani.

Kuingiza beringi mpya hufanywa kwa kipande cha bomba chenye kipenyo kinachogusa ringi ya nje peke yake, kikigongwa taratibu au kubanwa kwa bolti ndefu na washa, na bolti ni bora. Ringi ya ndani ikigongwa, nguvu hupita kwenye gololi na kuchimba vishimo vilevile ambavyo kazi yote ilikusudia kuviondoa. Grisi ya lithiamu hujazwa kati ya gololi na kiasi hupakwa juu. Kuizidisha hakuongezi uhai, kwa sababu grisi inayochuruzika hudondokea kwenye swichi na kunasa vumbi. Klipu ya zamani haitumiki tena, na nati ya usukani hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lenyewe.

Ugumu mkubwa kwa Tabora uko kwenye spea. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ni takriban kilomita 840, na beringi ya nguzo ya gari la zamani si kitu ambacho muuza duka hukiweka rafuni kama anavyoweka pedi za breki. Hapo elimu ndogo ya namba huokoa siku nyingi. Beringi za kawaida za gololi huandikwa namba ambayo tarakimu zake mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu kwa milimita: 6004 ina tundu la milimita 20, 6005 la milimita 25, na 6205 nayo la milimita 25 lakini ringi yake ya nje ni milimita 52 badala ya 47 na unene wake ni milimita 15 badala ya 12. Herufi 2RS zinaonyesha kwamba imezibwa kwa mpira pande zote mbili, na ZZ kwamba imezibwa kwa bati. Namba ikiwa imefutika, tundu, kipenyo cha nje na unene hupimwa kwa venia, yaani rula yenye taya, na kama vipimo vitatu vinalingana na namba ya kawaida, beringi hiyohiyo inaweza kupatikana kwa wauza spea za pikipiki au za mashine za kusaga. Zile za pembe mara nyingi hazina ndugu nje ya gari lake, na kuweka ya kawaida mahali pake kwa sababu tu imeingia ni kosa, kwa kuwa springi itaisukuma kwa upande ambao haikutengenezwa kuubeba.

Baadhi ya nguzo za zamani hazina gololi upande mmoja bali bushi, ambayo ni kikombe laini cha mpira, nailoni au kitambaa kilichoshindiliwa kinachoishika shafti kwa kuteleza. Bushi ya nailoni inaweza kukerezwa mjini kwa mashine, na kazi hiyo ikifanywa kwa kipimo sahihi inastahili kuaminiwa. Hapa fundi wa Tabora hana sababu ya kusubiri mzigo wa pwani. Lakini utepe wa bati au kipande cha mpira wa tairi kilichosokomezwa pembeni ya beringi iliyochakaa huficha ulegevu kwa majuma machache, kisha hutoka na kuangukia penye swichi au penye kiungo cha msalaba. Beringi bandia nazo zipo, zikiwa kwenye boksi lenye jina la kampuni kubwa, na ingawa Shirika la Viwango Tanzania na Tume ya Ushindani zina mamlaka ya kuziondoa sokoni, mnunuzi anapaswa kuigeuza karibu na sikio lake kabla ya kulipa, aone kama maandishi yamechongwa kwenye chuma au yamepakwa rangi tu, na aikatae ikikwaruza.

Wakati spea ikisubiriwa, kuna mbinu ya muda ambayo mafundi wenye umri huijua. Ringi ya nje hutolewa, husafishwa, hujazwa grisi, kisha hurudishwa ikiwa imezungushwa nusu ya nafasi iliyopo kati ya gololi na gololi, ili vishimo vyake visikabiliane tena na vile vya ringi ya ndani usukani unapoelekea mbele. Gari hurudi kuendesheka kwa utulivu, ila uso wa chuma uliong'oka haujapona, na mbinu hiyo ni ya kuvukia wiki chache tu. Beringi mpya ikishawekwa, dereva anayepita changarawe ndefu, kwa mfano zile zinazoingia vijijini kutoka Kaliua au Sikonge, anafaa kupata mahali papana kila baada ya saa moja au mbili, apunguze mwendo hadi wa kutembea, na kuugeuza usukani mpaka mwisho wa kushoto na mpaka mwisho wa kulia mara kadhaa. Hilo lifanywe gari likisogea, kwa maana kuugeuza likiwa limesimama huumiza tairodi katika magari yasiyo na pampu ya usukani. Gololi huzunguka, grisi iliyosukumwa pembeni hurudi chini yake, na zinapotulia tena hukaa mahali tofauti kidogo na pale pa mwanzo.